Maoni Yetu: Minara ya Mbeya na Iringa, na Haki ya Kusikia

Kila serikali iliyopata kushika madaraka katika nchi hizi imeijua thamani ya redio. Mwaka 1951 wakoloni walianzisha Sauti ya Dar es Salaam kwa Tanganyika, na Sauti ya Unguja kwa visiwa vyetu. Mwaka 1954 Cairo nayo ikaanza kusema nasi kwa Kiswahili, na wazee wetu wakawa wakiisogelea redio usiku wapate habari ambazo redio ya karibu haikuzitaja. Tarehe 12 Januari 1964 kituo cha redio cha Rahaleo kilitwaliwa, na sauti ya John Okello ikaenea kabla watu wengi hawajajua nani sasa anatawala. Basi sisi watu wa visiwa hatuhitaji kufundishwa kwamba anayesikika ana nguvu, na kwamba asiyesikika, hata akiwa na haki, hoja yake huishia barazani kwake.

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo kwa juu juu laonekana ni la mafundi peke yao. Nalo ni hoja ya kuoanisha mitambo ya redio iliyo jirani, yaani kuifanya irushe matangazo kwa wimbi moja na kwa wakati mmoja, ili yasikike vizuri zaidi. Mfano wetu ni Nyanda za Juu Kusini, baina ya Mbeya na Iringa. Pengine msomaji atauliza: chama cha visiwani kina haja gani na milima ya Mbeya? Tunazo haja mbili. Ya kwanza, redio ya umma huendeshwa kwa fedha ya umma, na mwananchi wa Makambako asiyeisikia amenyimwa kilicho chake, kama anavyonyimwa mwananchi wa Micheweni. Ya pili, swali lililoko baina ya Mbeya na Iringa ndilo lililoko baina ya Unguja na Pemba: nyumba mbili jirani zitasemaje kwa sauti moja pasina mmoja kummeza mwenziwe?

NCHI YENYEWE

Kwa mstari ulionyooka, Mbeya na Iringa zimeachana kiasi cha kilomita 275, na kwa barabara ni zaidi ya 300. Njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita Iringa, ikafuata Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi na Uyole, ndipo ikaingia Mbeya. Mji wa Mbeya umekaa katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, na bado milima imeuinamia: kilele cha Mbeya kinapita mita 2,800, na Rungwe, ulioko kusini yake, unakaribia 3,000. Upande wa mashariki nchi inashuka kwenye mbuga ya Usangu, na kusini mwa mbuga hiyo imesimama safu ya Kipengere.

Wimbi la FM hukata njia iliyonyooka kama mwanga wa taa ya Chumbe. Likikuta mlima mbele yake, nyuma ya mlima huwa kivuli, na walioko kivulini hawasikii kitu. Wimbi la kati lina tabia nyingine: hutambaa juu ya nchi. Lakini maji ya chumvi hulichukua vizuri kuliko mwamba na udongo mkavu. Ndiyo maana mtambo wa mawimbi ya kati ukisimamishwa kando ya bahari husikika mbali sana pwani, na mtambo wa nguvu ile ile ukipandishwa kwenye majabali ya bara huchoka mapema. Tena usiku wimbi la kati hupaa, likarudishwa chini na tabaka la anga na kuangukia nchi za mbali. Na stesheni za mbali nazo huja vivyo hivyo kugombana na ya nyumbani.

Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, ilijaribu kuitatua shida hii kwa kusimamisha mitambo ya mawimbi ya kati mikoani: Mwanza, Arusha, Kigoma, Dodoma, Nachingwea, na Mbeya yenyewe. Kisha sheria ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa redio za watu binafsi, FM ikashamiri, na kila mji ukapata mlingoti wake na namba yake. Abiria wa basi atokaye Iringa huanza safari na namba moja, akaipoteza vilimani, akatafuta nyingine, na hiyo nayo humponyoka. Abiria ana njia ya kutoka, kwani basi litamfikisha mjini. Mkulima wa mahindi aliye baina ya minara miwili hana pa kwenda. Yeye yuko papo hapo, mwaka hata mwaka, katika shimo la ukimya.

JINSI LINAVYOFANYIKA

Wapo wasemao kwamba dawa ni kukuza mtambo mmoja wa mjini. Hesabu haiwaungi mkono. Ukitaka wimbi lifike mahali fulani likiwa na kimo maradufu, huna budi uikuze nguvu ya mtambo mara nne, na umeme wake ulipiwe kila mwezi. Na hata hivyo kivuli cha mlima hakiondoki, kwa sababu mlima haujali ukubwa wa mtambo.

Wapo wengine wasemao: oanisheni mitambo miwili na nguvu itaongezeka. Hawa wamesema nusu ya kweli, na ni vyema tuimalizie. Mvuvi wa Nungwi anajua kwamba mawimbi mawili ya bahari yakikutana kichwa kwa kichwa, maji huinuka. Kichwa cha moja kikikutana na bonde la jingine, maji hulala. Mawimbi ya redio ni vivyo hivyo. Pale mawimbi ya mitambo miwili iliyo sawa yanapofika yamepatana, huzaa wimbi lenye kimo maradufu, kama kwamba mtambo mmoja umekuzwa mara nne. Karibu na hapo, yanapofika yamepingana, huvunjana, na msikilizaji hupata sauti iliyokufa au iliyokwaruzika. Kwa wimbi la kati la kilohezi 600, ambalo urefu wake ni mita 500, sehemu hizo mbaya katika mstari baina ya minara hufuatana kila mita 250. Kwa FM ya megahezi 100, ambayo wimbi lake ni mita 3, hufuatana kila mita moja na nusu. Nguvu haikuzaliwa bure: imepunguzwa hapa, ikaongezwa pale.

Kwa hiyo kazi hii ina masharti yake, nayo ni matatu.

Sharti la kwanza ni wimbi. Mitambo yote miwili lazima itikisike kwa hesabu moja. Ikihitilafiana kwa mtikisiko mmoja tu katika sekunde, sauti katika eneo la kati hupanda na kushuka kila sekunde, kama kifua cha mgonjwa. Ikihitilafiana kwa mamia, inakuja mbinja inayofunika maneno.

Sharti la pili ni wakati. Neno lile lile lazima litoke katika minara yote miwili kwa pamoja. Waliohudhuria Maulidi ya Homu wameona safu nzima ikiinama na kuinuka kwa pumzi moja, na wanajua mmoja akichelewa safu huvurugika. Wimbi la redio hukata kilomita 300 kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo baina ya Iringa na Mbeya safari yake ni fupi mno. Ucheleweshaji mkubwa hutokea kabla ya minara. Kipindi kikipelekwa Mbeya kwa satalaiti iliyoko kilomita 36,000 juu ya ikweta, huchelewa karibu robo ya sekunde. Na kikipelekwa Iringa kwa mkonga wa ardhini, hufika mapema zaidi. Ni lazima kiwepo chombo cha kumzuia aliyetangulia mpaka mwenziwe afike. Siku hizi mafundi huchukua saa kutoka satalaiti za GPS, na kila mnara ukajipima kwa saa hiyo. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia: saa hiyo si ya Mbeya wala si ya Iringa.

Sharti la tatu ni mahali. Redio ya FM ina desturi ya kumfuata mwenye nguvu na kumwacha mnyonge. Fahali wawili hawakai zizi moja. Basi kila mnara sharti upewe eneo ambalo sauti yake ndiyo kubwa, na mpaka wao wa kukutania uwekwe kwenye watu wachache, usiwekwe juu ya soko la mji.

Mtu akiyatazama masharti haya pamoja na ramani, ataona kwamba kuoanisha Mbeya na Iringa peke yake hakutoshi. Milima na umbali vitayazuia mawimbi ya FM ya miji hii miwili hata kabla hayajakutana. Linalofaa ni mnyororo: mitambo midogo midogo kuifuata njia, Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala, yote kwa namba moja, yote kwa saa moja, kila mmoja ukiangaza kivuli cha mwenziwe. Mitambo midogo ni rahisi kulisha umeme, na mmoja ukiharibika, nchi nzima hainyamazi.

WALIOTANGULIA

Jambo hili si ndoto. Mwaka 1924 kituo cha WBZ cha Springfield, Marekani, kilikuwa hakisikiki vizuri Boston, kikasimamishiwa mtambo wa pili huko. Baadaye mitambo hiyo miwili ikafanywa iende kwa wimbi moja, na utaratibu huo ukadumu mpaka mwaka 1962. Uingereza, vita vilipozuka Septemba 1939, BBC iliviweka vituo vyake katika mawimbi machache ya pamoja, ili ndege za Ujerumani zisiweze kuufuata mnara mmoja zikajua zilipo. Leo dereva wa Italia huisikia redio ya barabara kuu kwa namba 103.3, na dereva wa Ufaransa kwa namba 107.7, akasafiri bila ya kuigusa redio yake. Hata Tanzania kwenyewe, tangu Dar es Salaam ilipoanza kuzima televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, televisheni ya dijitali imekuja na njia ya kuweka minara kadhaa katika masafa mamoja. Elimu iko. Kinachokosekana ni nia ya kuwatumikia watu walioko baina ya miji.

KUSIKIA NINI?

Hapa ndipo twafika kwenye kiini. Kuna watakaoifurahia habari hii kwa sababu nyingine kabisa. Watasema: kumbe inawezekana nchi nzima iseme kwa wimbi moja, kwa neno moja, kwa sekunde moja! Na hao ndio wa kuwatazama.

Twakubali kwamba yapo mambo yanayotaka sauti moja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio vijijini, wakajifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na malaria. Kijiji ambacho redio haikufika kilibaki nje ya shule ile. Onyo la mafuriko, habari za maradhi, bei za mazao, matokeo ya uchaguzi: haya yote ni haki ya kila mtu kwa wakati mmoja. Na tusisahau kwamba katika uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa, na katika uchaguzi wa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa. Simu ikiwa bubu mkononi, kinachobaki kwa mwananchi ni redio yake ya betri.

Lakini mitambo iliyooanishwa ina tabia moja ambayo hapana fundi awezaye kuiondoa: haiwezi kusema mambo mawili. Mnara wa Iringa ukitaka kuwatangazia Wahehe habari ya mnada wao, na wa Mbeya ukitaka kuwatangazia Wasafwa na Wanyakyusa habari ya kahawa na viazi vyao, kwa namba ile ile na saa ile ile, watavurugana mpakani. Aliye katika mnyororo hana budi aseme analoambiwa. Kwa sababu hiyo twasema: mnyororo upewe namba yake kwa ajili ya habari za taifa, na kila mji ubakiwe na namba ya pili kwa habari zake wenyewe. Anayejenga mnyororo huku akizifunga redio za miji hajawaletea watu sauti. Amewanyang'anya waliyokuwa nayo.

Na namba hiyo ya taifa isigeuzwe kipaza sauti cha chama kinachotawala. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe tupu likiwekewa minara sita litavuma mara sita. Kodi inayolipa umeme wa mtambo hutolewa na mwanachama wa kila chama na asiye na chama. Basi muda wa hewani nao ugawanywe kwa haki, wakati wa uchaguzi na baada ya uchaguzi, na mgawanyo huo uandikwe, utangazwe, uhesabiwe kwa dakika.

VISIWA VYETU

Sasa turudi nyumbani. Baina ya Unguja na Pemba kuna kiasi cha kilomita 50 za bahari, na bahari, kama tulivyoona, ni rafiki wa wimbi la kati. Visiwa vyetu havina Rungwe wala Kipengere. Kwa upande wa ufundi, kuoanisha Unguja na Pemba ni kazi nyepesi kuliko kuoanisha Mbeya na Iringa. Ikiwa mtu wa Wete au Konde huona ni rahisi kupata stesheni ya Tanga au Mombasa kuliko ya visiwani kwake, milima haina lawama.

Na tukumbuke haki ilivyogawanywa. Katika orodha ya Mambo ya Muungano mna posta na simu, utangazaji haumo. Zanzibar ina Tume yake ya Utangazaji, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, na ina Shirika lake la Utangazaji. Wakati huo huo masafa yako mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa mwaka 2003. Redio ni yetu, wimbi lake lina mlinzi mwingine. Hatusemi kwamba masafa yasiwe na msimamizi mmoja, kwani mawimbi hayajui mpaka, na bila ya msimamizi tutavurugana. Twasema kwamba msimamizi wa pamoja lazima awe wa pamoja kweli, kama ile saa ya satalaiti inayofuatwa na Mbeya na Iringa bila ya kumilikiwa na yeyote kati yao. Pale ambapo mshirika mmoja ndiye anayeshika saa, mwenziwe kila siku ataambiwa amechelewa.

Tena haki hii isiishie baina ya Unguja na Dar es Salaam. Pemba nayo inayo madai yake kwa Unguja. Ikiwa studio ya Unguja itasema saa zote na mlingoti wa Pemba ukawa wa kurudia tu, Mpemba atakuwa amepewa sikio na kunyimwa ulimi. Tunalolitaka kwa Iringa twalitaka kwa Chake Chake, pasi na kupunguza.

MADAI YETU

Kwanza, ramani ya usikivu wa redio ya umma itangazwe, mkoa kwa mkoa, wilaya kwa wilaya, Bara na visiwani, ikionyesha wazi mahali pasiposikika. Serikali hupenda kuhesabu minara iliyojengwa. Sisi twataka wahesabiwe watu wanaosikia.

Pili, penye vivuli, kama baina ya Mbeya na Iringa, ijengwe mitambo midogo iliyooanishwa, na mpaka wa mawimbi upimwe kwa kutembea na redio barabarani na mashambani kabla ya kukata utepe.

Tatu, kila mji wenye redio yake ubaki nayo, na kila mnara wa redio ya umma uwe na saa zake za habari za nyumbani.

Nne, muda wa vyama katika redio ya umma ugawanywe kwa utaratibu ulioandikwa, na hesabu ya dakika itolewe hadharani.

Tano, katika kugawa masafa, Zanzibar iwe na sauti iliyo sawa, na ndani ya Zanzibar, Pemba iwe na studio inayosema.

Ndugu wanachama, madai hayasikilizwi yakiwa hayana ushahidi. Gazeti letu hili la kurudufu halina mlingoti, lakini lina matawi. Kuanzia wiki hii kila tawi lichague watu wawili. Wachukue redio ya kawaida, wakae mahali pamoja, asubuhi, adhuhuri na usiku, kwa siku saba. Waandike: ni stesheni gani ya umma imesikika, ikiwa safi au imekwaruzika, na saa ngapi imepotea. Waandike pia ni chama gani kilichopewa nafasi, na kwa dakika ngapi. Karatasi hizo ziletwe kwa katibu wa jimbo, nasi tutazijumlisha na kuzichapa hapa, na nakala tutaipeleka kwa Tume na kwa Mamlaka. Wenzetu wa upinzani walioko Mbeya na Iringa twawaomba wafanye vivyo hivyo, Mafinga na Makambako, Igurusi na Chimala. Karatasi zikifika kutoka pande zote mbili kwa mwezi mmoja, hapatakuwa na ofisi itakayosema haikupata habari.